K ya Nini?

Lori lilizima saa tatu asubuhi, siku ya pili ya safari, likiwa limebakiza hatua chache kufika juu ya kilima. Halikukohoa wala halikutoa moshi. Lilinyamaza tu, kama mtu aliyekatishwa maneno. Seremala alikanyaga breki kwa nguvu zote na lori likarudi nyuma mita tano kabla ya kusimama. Huko nyuma kamba ilikatika. Kabati la Shangazi, la mbao nzito, liliteleza hadi mwisho wa bodi, na mguu wake mmoja ukatoboa dumu la maji.

Walipopanda kutazama, lita ishirini zilikuwa zimeshaingia mchangani. Lilibaki dumu dogo la lita kumi, nalo halikuwa limejaa.

Walikuwa watatu. Seremala, mwenye lori, alikuwa mtu wa sauti ya chini aliyejifundisha injini kwa kitabu kisicho na jalada. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa mchora mabango ya maduka, na watu walimwita Brashi. Wa tatu alikuwa Shangazi yake seremala, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, aliyekuwa anahamia kwa binti yake ng'ambo ya uwanda wa chumvi. Daraja la barabara kuu lilikuwa limesombwa na maji, hivyo walishika njia ya zamani ya malori ya chumvi, ambako siku hizi hupita gari moja kwa juma, au lisipite kabisa.

Juma moja kabla ya safari, uani kwake, seremala alikuwa ameshusha tangi la dizeli, akaliosha kutu, akabadilisha filta na mipira miwili inayounganisha tangi na injini. Kila alichogusa alikiandika kwenye daftari. Sasa alilifungua juu ya boneti.

"Tunaanza na nilichogusa mwisho," alisema.

"Ulichogusa mwisho ni chai yangu," Brashi alisema. "Na uliimaliza."

Seremala alisoma orodha kwa kidole. Filta. Vibano. Mipira. Tangi.

"Mipira ulifunga wewe, shem. Mimi niliitwa ndani."

"Nilifunga mimi, kwa kufuata alama yako. Mipira iko sawa."

Seremala akaweka alama ya vyema mbele ya neno mipira. Kisha akachukua kijiti, akakitumbukiza kwenye tangi na kukitoa. Kilikuwa kimelowa dizeli hadi karibu nusu.

"Mafuta yapo," alisema.

Alifungua skrubu juu ya filta, na Brashi akapiga pampu ndogo ya mkono iliyo ubavuni mwa injini. Kilichotoka kilikuwa povu. Ilimaanisha kwamba upepo ulikuwa unaingia mahali fulani pamoja na mafuta. Walipiga pampu nusu saa mpaka povu likapungua. Injini ikawaka kwa taabu, ikavuta lori hadi kileleni, na mara tu pua ilipoelekea chini, ikaanza kunguruma vizuri kama ilivyotoka nyumbani.

Mteremko ulikuwa mrefu. Walishuka kilomita ishirini na injini haikukosea hata mara moja. Brashi alianza kupiga mluzi. Shangazi, aliyekaa katikati na mkoba wake mapajani, alimwambia anyamaze kwa sababu mluzi unakausha midomo. Chini yao uwanda ulifunguka, mweupe na tambarare, bila mti, bila jiwe, ukitetemeka kwa joto. Waliingia ndani yake. Baada ya kilomita mbili za tambarare, injini ilinyamaza tena, na mara hii haikuwaka.

Siku ile seremala alikaza vibano vyote. Alifungua filta, akaitazama, akairudisha. Aliupitishia kila mpira kiganja kikavu akitafuta unyevu, na kiganja kikarudi kikavu. Kila baada ya hatua moja alipiga stata mara mbili, tatu, na kila mara sauti ya stata ilikuwa nzito kidogo kuliko iliyotangulia. Saa tisa aliacha.

"Betri ikifa, hata tukipata ubovu hautusaidii," alisema.

Maji yaligawiwa kwa kifuniko cha chupa ya chai ya Shangazi. Kifuniko kimoja kwa saa, kwa kila mtu. Shangazi ndiye aliyeshika kifuniko na saa, na hakuna aliyebishana naye. Simu zao hazikuwa na mtandao. Walilala chini ya bodi, na asubuhi midomo ya wote ilikuwa imepasuka.

Siku ya tatu ya safari, kabla jua halijakaza, Brashi aliamua kurudi kwa miguu hadi kwenye mteremko kutafuta mtandao.

"Jua libaki mgongoni mwako kwenda," seremala alimwambia. "Likifika utosini, popote ulipo, geuka."

"Nikikutana na mtu mwenye soda nigeuke pia?"

"Geuka naye."

Alirudi alasiri akiburuta mguu wa kushoto. Ganda la chumvi lilikuwa limevunjika chini yake, akazama hadi kifundo, na makali yake yakamchana kama chupa. Seremala aliosha kidonda kwa maji ya nusu kifuniko, ambayo Brashi aliyatazama yakidondoka kwenye chumvi, kisha akakifunga kwa kitambaa kilichochanwa kutoka kwenye shuka la Shangazi.

"Umeona nini?" Shangazi aliuliza.

"Tulikotoka, Mwalimu. Nimepaona vizuri tu, hakuna mtu wala mtandao."

Saa kumi seremala alimkuta Brashi amesimama mbele ya lori, kifuniko cha rejeta kikiwa mkononi mwake na kikombe kwenye mkono wa pili.

"Maji hayo yana dawa ya kutu," seremala alisema. "Ni sumu. Nimeitia mwenyewe."

"Kila kitu humu umetia mwenyewe," Brashi alisema. "Filta umetia mwenyewe. Upepo umetia mwenyewe. Tukifa hapa, kaburi nalo utachimba mwenyewe, upime kwa futi, uandike kwenye daftari."

Seremala alimpokonya kikombe polepole, akarudisha kifuniko cha rejeta na kukikaza. Brashi alikaa chini na kuutazama mguu wake. Baada ya muda alisema, kwa sauti nyingine, "Nina kiu tu, shem."

"Najua."

Asubuhi iliyofuata dumu lilikuwa na vikombe vitatu. Shangazi aliwapa wanaume vifuniko vyao, akaifunika chupa na kuuweka mkoba kando. Seremala aliona kwamba hakujipa chake. Aliona pia kwamba ngozi ya paji lake ilikuwa kavu kabisa, bila hata tone la jasho, na kwamba alipotaka kusimama alishika hewa. Walimlaza kwenye kivuli chini ya bodi, ubavuni mwa tangi. Seremala alimnywesha vifuniko viwili kwa mkupuo. Alikadiria kwamba angeishi hadi jioni, na huenda si zaidi ya hapo.

Alikwenda upande wa pili wa lori na kuchuchumaa. Hakushika spana. Alichora tangi kwenye chumvi kwa kidole: sanduku refu, na karibu na mbele yake, vibomba viwili vinavyoingia kutoka juu. Kimoja kirefu, kinachogusa karibu na sakafu ya tangi, ambacho injini hunywea. Kingine kifupi, kinachoishia katikati, ambacho hurudisha mafuta yaliyozidi. Likiinama mbele, mafuta hukusanyika mbele. Kwenye mteremko lori liliwaka. Kwenye mlima na tambarare lilizima. Nyumbani tangi likiwa limejaa pomoni halikusumbua hata dakika moja. Aliutazama mchoro muda mrefu. Injini hii ilikuwa inakunywa kama mtu mwenye mrija mfupi kwenye glasi ndefu. Lakini kwa nini mrija uwe mfupi? Ule mrefu alikuwa ameupima mwenyewe, na ulifika chini.

Kutoka chini ya bodi ilisikika sauti ya Shangazi, dhaifu, ya kukwaruza, lakini ni ile ile iliyouliza swali hilo hilo darasani kwa miaka thelathini na mmoja.

"K ya nini?"

Alikuwa amelala chali. Juu ya uso wake, shubiri mbili tu, ilipita mipira miwili ya dizeli, na kwenye mmoja wao kulikuwa na herufi moja iliyoandikwa kwa chaki ya njano ya useremala.

"Ya kurudi," seremala alijibu kutoka upande mmoja wa lori.

"Ya kwenda," Brashi alijibu kutoka upande wa pili, wakati ule ule.

Upepo ulipitisha vumbi la chumvi katikati ya magurudumu.

Seremala alizunguka lori. Brashi alikuwa ameshasimama kwa mguu mmoja. Walitazamana.

"Niliandika mmoja tu," seremala alisema. "Ule wa kurudi. Niliona huo mwingine utajulikana wenyewe."

"Mimi nikaona K. Nikasema, huu ndio wa kwenda kwenye injini."

"Mipira iko sawa, ulisema."

"Kwangu ilikuwa sawa."

"Na mimi nikaweka vyema bila kuangalia."

"Mtagombana kabla ya kubadilisha mipira au baada?" Shangazi aliuliza.

Walibadilisha mipira nafasi kwa dakika kumi. Mara mbili seremala aliangusha bisibisi. Kisha Brashi akashika pampu. Malengelenge aliyopata kule kilimani yalipasuka na mpini ukawa unateleza kwa damu. Akavua shati, akauzungushia na kuendelea. Lilitoka povu. Likatoka povu jepesi zaidi. Kisha mapovu makubwa, moja moja. Kisha dizeli tupu, yenye rangi ya asali, ikatiririka juu ya filta bila kukatika.

"Ongeza mara hamsini," seremala alisema.

"Mbona imeshatoka safi?"

"Betri ina mzunguko mmoja. Labda."

Brashi alipiga mara hamsini, akihesabu kwa sauti. Walimpandisha Shangazi kwenye kiti. Seremala alichomoa waya wa feni na wa redio ili visinyonye chochote, akakanyaga klachi, akageuza ufunguo.

Stata iliguna. Ilizungusha injini nusu, ikasita kama inayotaka kulala, ikasukuma nusu nyingine. Taa ya betri ilififia mpaka ikawa doa jekundu. Kisha silinda moja ilidunda, ikadunda ya pili, na lori zima likatikisika na kuanza kunguruma. Hakuna aliyeshangilia. Seremala aliiacha injini dakika mbili, macho yake yakiwa kwenye mshale wa presha ya oili, kisha akaingiza gia.

Walivuka uwanda bila kusimama. Mwishoni njia ilipanda, mlima wa kilomita nne, na Brashi alifumba macho tangu mwanzo wa mlima hadi mwisho. Lori lilipanda. Saa kumi na moja jioni waliingia kwenye ua wa binti yake Shangazi, na binti akatoka mbio, mikono yake ikiwa na sabuni, akiuliza wamepatwa na nini, gari lilikuwa na nini.

"Nilisoma vibaya," Brashi alisema.

"Niliandika vibaya," seremala alisema.

"Wote wawili nendeni mkanawe," Shangazi alisema, akashushwa akiwa ameshikwa makwapa.

Alikaa kitandani siku mbili, chini ya uangalizi wa muuguzi aliyekuja kutoka zahanati ya jirani. Siku ya tatu alitoka uani kwa miguu yake. Brashi alikuwa amelala chini ya lori na kopo la rangi nyeupe, kifundo chake kikiwa na bandeji mpya. Seremala alimshikia kopo. Kwenye mpira mmoja kulikuwa na neno KWENDA na kwenye mwingine KURUDI, kwa herufi za bango la duka, zenye kivuli na mkia.

Shangazi aliinama, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akalisoma kwa sauti. Akahamisha kidole, akasoma la pili. Alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akafungua chupa yake ya chai, akajaza maji kwenye kifuniko na kumpa seremala. Akajaza tena, akampa Brashi. Wakanywa polepole, kifuniko kimoja kimoja, ingawa bomba lilikuwa hatua tatu kutoka hapo na ndoo iliyokuwa chini yake ilikuwa inafurika.