Ubao wa Kitanda cha Mama

Haya yalimpata rafiki wa mume wangu, fundi redio, mtu mpole asiyeweza kukanyaga hata sisimizi. Alikuwa akijitengenezea gitaa la umeme nyumbani, na mwili wa gitaa hilo aliuchonga kwa ubao wa kichwani mwa kitanda cha marehemu mama yake.

Mama alipougua, sauti ilimkauka. Akawa anagonga ubao ule: mara tatu kuomba maji, mara moja kusema asante. Siku ya mwisho fundi alimsikia akigonga, akajiambia, "Ngoja kwanza nimalize wimbo huu." Hilo hakumwambia mtu, hata dada yake aliyemuuguza mama.

Alasiri moja, akiwa stoo, aliunga waya wa mwisho. Nyuzi alikuwa bado hajafunga. Alipochomeka gitaa kwenye spika, umeme ukakatika. Stoo haikuwa na dirisha, giza likawa totoro.

Ko, ko, ko, ikalia spika.

"Abee mama, naleta!" dada akaitikia jikoni kwa mazoea. Akaja akipapasa ukuta, kikombe cha maji mkononi. "Kaka, ni wewe uliyegonga?"

"Si mimi. Dada, siku ile nilimsikia. Nilimsikia na sikwenda."

Dada hakumlaumu. Alimshika bega, akampa kikombe.

"Basi mpe sasa."

Fundi akakiweka kando ya gitaa. Wakakaa gizani wameshikana mikono, wakingoja spika igonge mara moja tu, ile ya asante.

Ko, ko, ko.