Nikiwa Edani Nilisaini Karatasi Tupu

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mjane, mzaliwa wa Rumonge, mji wa ziwani kusini mwa Bujumbura, nina watoto watatu. Ninayowasimulia sikuhadithiwa na mtu, yamenipata mwenyewe. Atakayenicheka na anicheke. Nimeshachekwa na majirani zangu, sembuse nyinyi msionijua.

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa rais wa kikundi cha wanawake. Hakikuwa kikundi cha mfadhili wala cha tajiri fulani... kilikuwa chetu. Tulifuma mikeka, tukawafundisha wasichana ngoma na nyimbo za harusi tulizoachiwa na mama zetu. Mwenzetu akiozesha au akifiwa, sote tulikuwa mlangoni kwake asubuhi na mapema. Tulikuwemo Waislamu wa mtaani kwetu, wake za wavuvi wa Gatete, na Wakristo waliovuka ziwa kutoka Kongo.

Ukumbi wetu, hatua chache tu kutoka ufukweni, tuliujenga wenyewe. Kila mwanachama alileta matofali yake kichwani. Mimi niliyabeba nikiwa na mimba ya miezi saba, na mume wangu akanigombeza mpaka akachoka. Hatukuwa na kitu kingine cha kuitwa chetu hapa duniani zaidi ya ukumbi ule.

Sasa niwaeleze kuhusu Hadija, katibu wetu. Mama yake alipougua baada ya kumzaa, mama yangu ndiye aliyemnyonyesha. Tulinyonya ziwa moja, na kwa dini yetu huyo ni dada yangu, hakuna mjadala. Tulikua pamoja, tukaolewa mwaka mmoja. Nikikosa chumvi kwangu, nilichukua kwake bila kuomba. Mtu kama huyo utamfungia mlango gani?

Kisha mume wangu akafariki. Alikuwa mfanyabiashara wa mawese, mtu mzima mwenye nguvu zake. Alianguka sokoni asubuhi, na adhuhuri tukawa tunamzika. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi.

Hapa ndipo ninapoanza kujilaumu. Shehe aliniambia wazi kwamba mjane mwenye dharura anaweza kutoka mchana akaenda kwenye shughuli zake na kurudi. Lakini mimi nilitaka eda ya kusifiwa! Nilitaka mji mzima useme, mke wa marehemu hajakanyaga hata kizingiti. Na kweli walisema. Nilisikia sifa zile nikiwa chumbani, zikanipendeza... Mungu anisamehe.

Siku ya tisa Hadija akaja na bahasha. Kwa kanuni zetu, barua yenye sahihi ya rais na muhuri wa kikundi ilikuwa neno la wanachama wote. Akaketi karibu yangu, akanishika mkono.

"Dada, sitaki uvunje eda juu ya makaratasi ya komine," akaniambia, yaani ofisi ya serikali ya hapa kwetu. "Sinye hapa chini, mimi nitajaza mwenyewe."

Zilikuwa karatasi sita, nyeupe, hazina hata nukta. Nikasaini zote. Kisha nikainua godoro, nikatoa muhuri na ufunguo wa ukumbi, nikampa kwa mkono wangu huu ninaoandikia. Nikamshukuru pia. Nikamwombea dua!

Wanachama walikuwa wanakuja kunisalimia. Walileta unga, ndizi, ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu, wakakaa kidogo na kuondoka. Hakuna aliyetaja ukumbi. Nilidhani mambo yanakwenda vizuri. Kumbe Hadija alikuwa amewaambia kwamba nikisikia habari za kikundi ninalia mpaka ninazimia, kwa hiyo wasiniguse hapo. Nao kwa heshima ya mjane wakanyamaza. Akawaambia pia kwamba mimi mwenyewe nimeamua ukumbi utolewe, kwa sababu nimechoka, na kwamba nitawaeleza nikimaliza eda. Wao wakawa wananionea huruma usoni huku moyoni wakinichukia.

Ni mmoja tu aliyethubutu kusema. Mama Furaha, Mkristo kutoka upande wa Fizi, huko Kongo, muuza ndagala, mwanamke wa maneno machache. Alikuja mchana mmoja akapitia mlango wa jikoni.

"Mama Zaituni," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu, "kule ku nyumba yetu kuko bwana mumoja anapima na kamba. Hadija iko naye. Weye unajua?"

Mnafikiri nilimuuliza bwana huyo ni nani? Nilimkatiza hapo hapo. "Mama Furaha, weye ni mugeni hapa," nikamwambia. "Hadija ni dada yangu, na tuko dini moja. Usikuje kunifundisha ndugu yangu."

"Sawa, mama. Mungu akutie nguvu," akasema, akachukua beseni lake akaenda. Na mimi nikalala usingizi mzuri, nikijiona nimeitetea familia.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa nguo safi, na safari yangu ya kwanza ikawa ukumbini. Nikakuta kufuli nisiyoijua. Ngoma zetu zilikuwa nje zimenyeshewa, ngozi zimelegea, na mikeka imerundikwa matopeni. Ndani wanaume walikuwa wanapanga kreti za bia. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, akaniambia mahali pale ni depo ya tajiri wa Bujumbura, na kwamba makaratasi yapo.

Yalikuwepo kweli. Nilionyeshwa ofisini komine. Barua ilisema wanachama wote wameridhia kumwachia bwana huyo nyumba na kiwanja. Chini kulikuwa na muhuri wetu, na sahihi yangu mimi, nzuri kabisa, bila kutetemeka. Ningewaambia nini? Kwamba siyo yangu?

Hadija alikuwa ameshahamia Bujumbura, amefunguliwa duka la vitenge na tajiri yule yule. Nilimpigia simu huku ninalia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Dada, ile sinyature ni ya nani?" akaniuliza kwa sauti ya upole. "Si ya kwako?" Akakata. Tangu siku hiyo simu yangu haipokei.

Ziwa la mama yangu... hivi ndivyo lilivyolipwa.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba kujieleza. Wengine hawakufungua mlango. Wengine waliniambia, tumeiona sahihi yako, inatosha. Nilikuwa nimeuza jasho lao, hivyo ndivyo walivyojua, na ningekuwa wao nami ningeamini vivyo hivyo.

Pigo kubwa lilikuja kwenye harusi ya Zaituni. Ilikuwa imeahirishwa kwa ajili ya msiba wa baba yake. Kwetu, binti wa mwanachama haolewi bila kikundi kuja kumpigia ngoma tangu asubuhi. Mimi nimewaimbia mabinti zao wote, wengine nikiwa na homa. Siku hiyo nilitandika mikeka ua mzima, nikapika chai ya masufuria matatu.

Hakuja hata mmoja.

Wakwe walifika kutoka Gitaza wakakuta ua kimya, watu wamejiinamia kama wako matangani. Mama mkwe akauliza taratibu kama kuna mgonjwa. Zaituni, amepambwa hina hadi kwenye viwiko, akaniuliza, "Mama, hawakuji?" Nikaanza kuimba peke yangu, wimbo wa bibi yangu, nikaishia ubeti wa pili. Mwanangu aliondoka kwangu bila ngoma. Hilo nitakwenda nalo kaburini.

Baada ya harusi nilikwenda kwa Mama Furaha. Nilimkuta akianika ndagala zake. Nilipiga magoti mchangani, nikamwambia kila kitu, hata zile karatasi sita ambazo nilikuwa sijamtajia mtu kwa aibu.

"Musamaha yangu iko rahisi," akasema, akaninyanyua. "Enda uwaambie na wale wengine vile umeniambia mimi."

Nikawaambia. Mama Furaha aliwakusanya wanachama pale pale anapoanikia ndagala, nami nikasimama mbele yao. Wapo waliolia. Yupo mmoja aliyetema mate chini na kuondoka. Kesi ya kuudai ukumbi sasa iko mahakamani, na wao wameanzisha kikundi upya, wanakutana uani kwa Mama Furaha, rais wao. Nimeomba kujiunga kama mwanachama wa kawaida, hata kufagia. Mpaka leo sijajibiwa, na siwalaumu.

Dada zangu mnaosoma, msisaini karatasi tupu, hata kwa mtu mliyenyonya naye. Msiruhusu sifa za watu ziwafunge macho. Na akija mtu kuwaambia jambo la kweli, msikilizeni mpaka amalize. Dini yake na kwao mtamuuliza baadaye.