Tundu Kwenye Programu ya Chiriku

Kila siku baada ya vipindi, Chiriku ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta. Wenzake wa darasa la saba walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa amemtengenezea muuguzi wa shule programu ya kutunza kumbukumbu za afya za wanafunzi. Kwa ushauri wa mwalimu wa kompyuta, msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiendesha programu, aliuweka wazi mtandaoni ili shule nyingine nazo ziutumie. Alijisifu wiki nzima, mpaka wenzake wakachoka.

Jumanne alikuta ujumbe wa mtu asiyemjua: "Umeacha neno la siri ndani ya msimbo. Anayeusoma anaweza kufungua kumbukumbu za wagonjwa. Libadilishe haraka."

Aliufungua msimbo, akalikuta. Aliliandika pale siku ya majaribio, akasahau kulitoa. Na miongoni mwa kumbukumbu zile kulikuwa na za rafiki yake wa dawati moja, ambaye ana kifafa. Shuleni, siri hiyo waliijua Chiriku na muuguzi tu.

"Mbona leo umemeza ulimi?" rafiki yake aliuliza.

"Hivi programu ya mtu ikiwa na tundu, afanyeje?"

"Si aifiche tu? Zile za kununua nani anaziona ndani? Na watu wanazitumia, wametulia."

Chiriku akauficha msimbo; neno la siri aliliacha, maana angelibadilisha muuguzi angeuliza kwa nini. Alidhani atapumua, lakini waliokwisha kuusoma wangesahauje? Kila alipoona wawili wakinong'onezana, alidhani wanaisema siri ile. Usiku alipata usingizi wa mang'amung'amu, na asubuhi hakuweza kumtazama rafiki yake usoni.

Alhamisi mwalimu alimwita. "Msimbo umeuondoa, na wewe tangu juzi hujapiga domo. Kuna nini, mwanangu?"

Chiriku alilia, kisha akasema yote. Mwalimu hakumgombeza. Walikwenda kwa muuguzi, wakabadilisha neno la siri na kulitoa kwenye msimbo. Kisha wakakagua orodha ya walioingia kwenye kumbukumbu, mstari kwa mstari. Hakuna mgeni aliyeingia.

"Bado kuna mtu mmoja wa kuambiwa," muuguzi alisema.

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Rafiki yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe niliposema ifichwe, siri yenyewe ilikuwa yangu," alisema. "Siku mbili, Chiriku. Ungeniambia."

"Nisamehe. Niliogopa."

Mwalimu aliwaketisha wote wawili. "Programu iliyofichwa msimbo wake, tundu lake hulijua zaidi aliyeitengeneza; akinyamaza, sisi tutajuaje? Ya wazi huonwa na wengi, mwema na mwizi. Zote hutoboka, wanangu. Safari hii aliyeona alikuwa mwema, akatuonya, nasi tukapoteza siku mbili kwa kuficha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukionyeshwa kosa lako, sema na ulirekebishe siku hiyohiyo."

Chiriku alimwandikia yule mtu shukrani. Alipotaka kuuweka tena msimbo wazi, rafiki yake alivuta kiti karibu.

"Ngoja," alisema. "Kwanza niusome mimi."