Mbu Wasiosikia Dawa

Mama Matofali hakuwa na mchezo na udongo. Kila asubuhi alichimba, akakanda, akafyatua matofali hadi jua likawa kali. Jina lake halisi watu walishalisahau.

Siku hiyo hakufyatua hata moja. Binti yake wa miaka minne alikuwa na malaria, mara ya tatu mwaka ule. Kule zahanati muuguzi alikuwa amemwambia mbele za watu, "Nyinyi chandarua mnafugia vifaranga!" Maneno yale yalimchoma.

Bwana afya alipopita, alimkuta bado anafoka.

"Mimi chandarua natundika! Hata kuta napuliza dawa kila wiki. Mbu wanatua palepale. Ingia uone, usinihukumu mlangoni."

Bwana afya aliingia. Alinasa mbu ishirini, akawatia kwenye chupa iliyopakwa dawa ileile. Walisubiri saa nzima. Walikufa watano tu.

"Mama, umesema kweli," alisema.

"Wameizoea dawa?"

"Hapana. Mwanzoni wachache huzaliwa na urithi tofauti, dawa haiwaui. Wenzao wanakufa, wao wanabaki kuzaa. Watoto wanarithi kwa wazazi. Ukipuliza dawa ileile kila mara, wanaobaki ni sugu watupu."

Mama Matofali alishika kiuno. "Kumbe nawachagulia mbegu bora! Sasa chandarua nitupe?"

"Usithubutu! Wavu unazuia hata dawa ikishindwa. Nitakuletea chandarua chenye dawa za aina mbili. Lakini mbu humuuma mtoto hata kabla hajalala. Lazima tuwapunguze wanakozaliwa."

Akaonyesha mashimo ya udongo nyuma ya nyumba. Yalijaa maji ya mvua, na viluwiluwi vya mbu vilicheza humo.

Mama Matofali aliona aibu, kisha akapandwa na hasira. "Nayafukia yote!"

"Ukiyafukia, udongo utatoa wapi?" aliuliza mumewe, aliyekuwa amewafuata nyuma ya nyumba.

"Nitachimba shimo moja moja. Nikimaliza, nafukia. Mbu wana ubishi, lakini hawajakutana na mimi!"

Alifukia yote kwa vipande vya matofali na kifusi. Majirani wafyatuaji aliwafuata mmoja mmoja, mpaka nao wakashika majembe. Mbu wakapungua.

Masika yalipita. Mama Matofali akamshika binti yake mkono hadi zahanati.

"Leo anaumwa nini?" muuguzi yuleyule aliuliza.

"Haumwi kitu," alijibu kwa sauti, wote wasikie. "Nimemleta umwone."