Ukuta wa Jiko la Bi Tuckwell

Yaliyomkuta rafiki yangu Clem Pashley, fundi uashi, alinisimulia mara moja tu, macho yakiwa chini.

Bi Tuckwell alikaa kwenye kimojawapo cha vile vijumba vya kale vya matofali mekundu karibu na mfereji wa mashua. Sheria inavilinda: mianya kati ya matofali huzibwa kwa chokaa kama zamani, marufuku saruji. Clem aliitwa kuziba mianya ya ukuta wa jiko ulioegemea kilima, ambao nyuma yake ni udongo mtupu. Chokaa hukauka polepole, naye alikuwa na haraka. Akatia saruji.

"Ni chokaa, eti?" bibi aliuliza, akimletea chai. "Matofali haya yalifinyangwa na watoto, enzi hizo. Ukipapasa utakuta alama za vidole vyao."

"Chokaa tupu, mama."

"Najua, mwanangu. Wewe si kama wale matapeli."

Clem akakiweka kikombe chini bila kukimaliza.

Ilikuwa Novemba, majira ya baridi jua linapozama mapema, na saa kumi jioni giza lilikuwa limeshatanda. Akikusanya zana, alisikia ukutani kwaru, kwaru, kama ukucha. Akajiambia ni panya, akaondoka bila kuaga.

Aibu haikumpa usingizi. Kulipokucha alirudi na patasi aikwangue saruji yake. Bibi akamfungulia, akamshukuru kwa kazi nzuri.

Jikoni, saruji yote ilikuwa sakafuni, imerundikwa vizuri. Mianya ilijaa chokaa mbichi yenye alama za vidole vidogo. Clem akazipapasa. Hazikuwa zimebonyea kuingia ukutani. Zilikuwa zimetuna, zikija nje, kama zimesukumwa kutoka upande wa udongo.