Bibi Aliyekataa Chai

Asubuhi katika ua ule ilikuwa tulivu. Mafagio yanakwaruza, chai inachemka, na Bibi Sindano, mjane wa chumba cha mwisho, ameketi mlangoni anashona viraka vya watu. Hakuwa na mtoto wala mjukuu.

Wapangaji wote walitumia choo kimoja. Wapita njia walipozidi kukichafua, wapangaji wakakipiga kufuli. Hapo sina neno. Kosa lilikuwa kumkabidhi ufunguo mama mmoja mwenye ulimi mkali.

"Hodi, mwanangu. Naomba ufunguo."

"Tena, bibi? Si umetoka huko sasa hivi? Hilo tumbo au bomba?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Loo! Mtu mzima kutaniwa haja yake mbele ya watoto! Bibi naye alijichekesha, lakini aibu ilimwingia hadi moyoni.

Tangu siku hiyo akaacha kunywa. Akikaribishwa chai: "Nimeshakunywa, wanangu." Akipewa maji: "Sina kiu." Midomo ikampasuka. Majirani wakasema anaringa. Wakaacha kumkaribisha, mwisho wakaacha hata kumsalimu. Akawa anashinda ndani peke yake, mlango umerudishwa, anawasikia wenzake wakipiga soga nje. Jamani, nani alimwuliza, "Bibi, una nini?" Hakuna hata mmoja.

Alipoanguka ndipo wakambeba hospitali. Daktari akasema mwili umekauka, figo zimechoka. Mama wa ufunguo akaenda kumwona, akamsogezea kikombe cha maji. Bibi alikitazama kwa hamu, kisha akamnong'oneza muuguzi:

"Mwanangu, choo cha humu, ufunguo anashika nani?"

"Hapa hakifungwi, bibi."

Ndipo akanywa. Akamaliza kikombe chote, akaomba kingine. Mama yule akatoka nje akilia kwa kwikwi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Figo hazikupona, na bibi hakurudi tena uani.

FUNZO

Ndugu zangu, kufuli ni la kuzuia uchafu, si la kumvunjia mtu heshima. Kila mpangaji awe na ufunguo wake, asibembeleze mtu. Haja haichagui mkubwa wala mdogo. Na mzee akikataa maji, msikimbilie kusema anaringa. Ingieni ndani, mkae naye, mmwulize.