Matairi ya Ghislain

Kila Jumapili akitoka kanisani, Fernande hakuingia ndani kwanza. Alizunguka nyumba, akafungua zipu ya banda la turubai, akaingia kwenye gari la marehemu mumewe.

Lilikuwa gari jekundu, fupi, la kwenda kasi. Ghislain alilipenda kama mboni ya jicho lake. Majani yakianza kupukutika alilisimamisha banda lile kando ya nyumba, kama majirani wote wa mji wa Saguenay, huko Kanada, ili theluji isilifukie gari. Mwaka huu pia aliliingiza. Matairi alisema angeyatoa wiki ijayo. Wiki ijayo haikumkuta. Moyo ulisimama mezani, supu ya njegere ikiwa bado ya moto.

Watoto hawakujaliwa. Nyumba ikawa kimya, kimya cha kuumiza masikio.

Na huku hakuna anayezikwa wakati wa baridi, kwa sababu ardhi inakuwa mwamba. Mwili wa Ghislain ulichomwa, na majivu yake yakawekwa kwa watu wa mazishi, yakingoja Mei. Lakini mwenyewe alikuwa ameacha neno moja. "Nikifa, Fernande, wasinibebe kwenye gari lao jeusi. Nipeleke na langu." Fernande alicheka siku ile, akasema sawa. Sasa hakucheka tena. Ahadi ni deni.

Basi kila Jumapili aliliwasha gari. Alilisogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, matairi yasilalie upande mmoja. Huku akiongea na Ghislain. Usimcheke, angeongea na nani mwingine?

Jumapili moja ya Januari, baridi ya kugandisha pumzi puani, zipu ilifunguliwa kwa nje. Aliyeingia ni Josiane, jirani yake, anayefanya kazi kwenye karakana ya matairi.

"Mama Fernande! Zima gari! Zima kwanza!"

"Kwani kuna nini? Unanipigia kelele kama mwizi."

"Moshi wa gari ndani ya turubai unaua kimyakimya. Hilo moja. La pili, niambie ukweli. Umelisogeza?"

"Kidogo tu. Kila Jumapili."

"Ee Mungu wangu." Josiane alipiga magoti, akamulika kwa tochi. "Njoo uone."

Kwenye tairi la mbele, katikati ya mistari, kulikuwa na nyufa. La upande wa pili vilevile.

"Lakini si kipara," Fernande akasema. "Aliyanunua juzijuzi! Na gari limefunikwa. Halijaguswa na punje ya theluji."

"Turubai linazuia theluji, mama. Baridi halizuii. Humu ndani na huko nje ni kulekule."

"Mbona ya gari langu dogo hayapasuki, nalo linalala nje?"

"Yale ni ya majira ya baridi, mpira wake unabaki laini. Haya ni ya kiangazi, ya mwendo kasi. Yanashika lami vizuri kukiwa na joto. Joto likishuka chini ya nyuzi saba, mpira unaanza kuwa mgumu, na gari linateleza hata barabara ikiwa kavu. Baridi ikiwa kali kama leo, mpira unakakamaa kabisa. Ukilisogeza gari hata hatua moja, tairi linajikunja, na likijikunja linapasuka. Siagi ikitoka kwenye friza, ukiikunja inakuwaje?"

Fernande alikaa chini palepale kwenye barafu. "Nimeyaharibu mwenyewe," akasema. "Nitampeleka na nini?"

"Inuka, utaganda. Lililopasuka halizibwi, tutatafuta mawili mengine ya aina hiyohiyo. Ya nyuma sijaona ufa. Tutayakagua vizuri yakishapata joto. Wewe kuanzia leo usiliguse gari."

Wakangoja mpaka baridi ikapungua. Josiane alilinyanyua gari kwa jeki palepale liliposimama, bila kulisukuma, akaliegemeza juu ya vigogo imara. Wakayashusha matairi, pamoja na rimu zake, kwenye chumba cha chini cha nyumba, penye tanuri la kupasha nyumba joto.

"Weka hapa karibu na tanuri, yapate joto," Fernande akasema.

"Hapana. Joto la tanuri linaukausha mpira. Mbali na friza pia, mota za umeme zinatoa hewa inayoula mpira. Na mbali na jua la dirishani. Tuyafute yakauke, tusiyapake mafuta yoyote. Kisha tuyafunge kwenye mifuko myeusi, tutoe hewa, tuyalaze moja juu ya jingine. Una mifuko?"

Fernande alitazama rafuni. Mifuko ilikuwepo, imekunjwa vizuri, na kipande cha chaki juu yake. Kwenye kila mfuko kulikuwa na mwandiko wa Ghislain: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Alikuwa ameshaiandaa. Fernande akaulaza uso wake juu ya mfuko mmoja, akalia kwa sauti. Josiane alimwacha alie.

Mei ikafika. Matairi mawili mapya yalikaa mbele, na ya zamani, yaliyokutwa mazima, yakarudi nyuma. Mazishi yalipangwa saa nne asubuhi. Lakini asubuhi hiyo Fernande alipotazama kipimajoto, kilisoma nyuzi mbili. Majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda.

Alimpigia padri simu. "Baba, tusogeze mpaka saa nane."

"Fernande, watu wameshaanza kufika!"

"Wape kahawa. Ghislain amenisubirisha maisha yangu yote akikagua matairi yake. Leo na yeye asubiri."

Saa nane jua lilikuwa kali, nyuzi kumi na mbili. Josiane alisimama mlangoni. "Nikuendeshee?"

"Hapana, mwanangu. Safari hii ni yangu."

Kisanduku cha majivu alikiweka kwenye kiti cha abiria, kiti alichokaa yeye miaka yote, akakifunga mkanda. Lilikuwa gari ambalo Ghislain hakuwahi kumpa usukani hata mara moja. Akaenda polepole hadi makaburini, na gari likashika barabara vizuri, kona kwa kona.

Kurudi, alirudi na kiti kitupu.

Oktoba, majani yalipoanza kupukutika, Fernande hakungoja wiki ijayo. Alimwita Josiane, wakayashusha matairi yote. Chaki ya Ghislain ilikuwa imeanza kufutika kwenye mifuko. Fernande aliichukua chaki, akapitisha mkono wake taratibu juu ya kila herufi ya mumewe, mpaka zote zikasomeka tena.